Sigara Jukwaani: Mtoto Akiigiza Mvutaji, Moshi Huwa wa Kweli

Lengo la mada hii: Baada ya kusikiliza, mama au mlezi ataweza kueleza kwa nini sigara halisi haifai katika mazoezi na maonyesho ya drama, ni vitu gani vinavyotumiwa badala yake, vipi kati ya hivyo ni salama na vipi si salama, na jinsi ya kuzungumza na mwalimu.

  

Leo tunazungumzia jambo ambalo pengine hujawahi kulisikia likitajwa kliniki. Tunazungumzia sigara ambayo mtoto anaiwasha mbele ya watu wazima, nao wanampigia makofi. Hiyo ni sigara ya jukwaani.

Kila mwaka, shule zinapofunguliwa muhula wa kwanza, kote Kisii na Nyamira utasikia nyimbo na vigelegele madarasani jioni. Ni mazoezi ya drama. Tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo lina historia ndefu, lilianza mwaka 1959. Watoto wetu hushindana kwanza karibu na nyumbani, halafu kaunti ndogo, halafu kaunti, halafu eneo zima la Nyanza, na walio bora hufika ngazi ya taifa. Ni jambo zuri. Mtoto hujifunza kusema mbele ya watu bila woga. Kwa hiyo sisemi umkataze mtoto wako kuigiza. Nasema tuangalie anapewa nini mkononi na mdomoni.

Mvulana aliyekohoa usiku

Miaka michache iliyopita, mama mmoja alikuja kliniki akiwa na mvulana wake wa miaka 13. Mtoto alikuwa akikohoa usiku kwa wiki tatu, na kifua kilikuwa kinapiga mluzi. Mama alisema ni baridi ya milimani. Alikuwa amemnunulia dawa ya kikohozi mara mbili kwenye duka la dawa bila nafuu. Nilipomuuliza kama nyumbani kuna anayevuta sigara, alisema hakuna. Nilipouliza kuhusu moshi wa jikoni, alisema mtoto halali jikoni.

Ndipo mtoto mwenyewe akasema polepole, bila kututazama, "Ni ile ya drama."

Alikuwa amepewa nafasi ya mlevi katika mchezo wa kuonya vijana dhidi ya dawa za kulevya. Ili mchezo uonekane wa kweli, walikuwa wakitumia sigara halisi. Jioni tatu kila wiki, sigara moja, wakati mwingine mbili wakirudia onyesho. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akitumwa kununua kioskini, moja moja. Mama yake alinyamaza kimya. Siku chache kabla alikuwa amepata kipande cha sigara ndani ya kiatu cha mtoto, akamchapa kwa kudhani ameingia kwenye kundi baya. Mtoto alikuwa amemwambia kwamba ni ya shule, naye hakumwamini.

Nilimuuliza yule mvulana kwa nini alificha kipande kiatuni wakati mazoezi yalikuwa yamekwisha. Alijibu kwamba siku isiyo na mazoezi kichwa kilikuwa kinamuuma na hakuwa na utulivu darasani.

Mama, hapo ndipo tatizo lilipo. Mchezo ulikuwa wa kuigiza. Moshi haukuigiza, na mapafu ya mtoto hayakujua kwamba yale ni maigizo.

Moshi unafanya nini mwilini

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000. Takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Tutaje tatu tu za kukumbuka.

Ya kwanza ni nikotini. Hii ndiyo inayomfanya mtu arudi tena na tena. Ubongo wa kijana bado unakua, kwa hiyo unashikwa upesi kuliko wa mtu mzima. Dalili za uraibu zinaweza kuanza kwa kijana hata kabla hajawa mvutaji wa kila siku. Mazoezi ya drama ya wiki tano au sita ni muda wa kutosha wa kumfungulia mlango.

Ya pili ni lami. Ni kitu cheusi kinachonata, sawa na masizi yaliyoganda kwenye paa la jiko la kuni, ila huku kinaganda ndani ya mapafu.

Ya tatu ni kaboni monoksidi. Hii ni ile hewa isiyoonekana wala kunuka, inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani wakiwa wamefunga madirisha. Inashika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Katika sigara huwa kidogo, lakini ni hewa ile ile.

Kwa mtoto mwenye pumu, moshi hukaza njia za hewa. Ndiyo maana kifua hupiga mluzi, hasa usiku na alfajiri.

Usisahau pia wale wasiovuta. Darasa la mazoezi huwa limefungwa ili kelele isitoke. Kuna watoto 20 au 30 humo ndani. Pengine mpishi wa shule amekaa nyuma akitazama, mtoto mchanga mgongoni. Wote wanavuta hewa moja. Moshi wa sigara ya mtu mwingine huwaongezea watoto wadogo nimonia, maradhi ya sikio na mashambulizi ya pumu. Kwa mama mjamzito, unaweza kuchangia mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na miongoni mwao wamo wengi ambao hawakuvuta hata siku moja.

Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2013 miongoni mwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 15 ulionyesha kwamba takriban mmoja kati ya kila kumi alikuwa akitumia tumbaku kwa njia fulani. Hao ni watoto wa umri ule ule wa drama.

Sheria inasemaje

Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, ambayo ilianza kutumika Julai 2008. Inakataza kuvuta sigara mahali pa umma. Katika orodha ya mahali hapo zimetajwa shule, kumbi za sinema na kumbi za maigizo. Haisemi "isipokuwa mwigizaji". Hata nyumba za kuishi ambamo watoto wanalelewa zimo katika orodha hiyo. Anayevuka sheria anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000, au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili.

Sheria hiyo hiyo inakataza kumuuzia sigara mtu wa chini ya miaka 18, na inakataza kuuza sigara moja moja. Kwa hiyo mtoto anayetumwa kioskini kununua sigara ya drama amewekwa kwenye makosa mawili kabla hajafika jukwaani.

Nchi nyingine zimebishana sana juu ya jambo hili. Scotland ilipopiga marufuku uvutaji ndani ya majengo ya umma mwaka 2006, haikuwaachia waigizaji nafasi, hata kwa sigara za mitishamba. England ilipofuata mwaka 2007 iliruhusu mwigizaji kuvuta pale mchezo wenyewe unapohitaji. Huko Colorado, Marekani, vikundi vya maigizo vilipeleka serikali mahakamani vikidai haki ya kuvuta jukwaani, na mwaka 2009 mahakama kuu ya jimbo hilo ikawakatalia. Lakini angalia, mama: hao walikuwa watu wazima wanaobishania kazi yao. Sisi tunazungumzia watoto.

Badala ya sigara: kipi salama, kipi si salama

Watu wa maigizo wamebuni vitu vingi vya kutumia badala ya sigara ya tumbaku. Tuvitazame kimoja kimoja.

Sigara ya mitishamba. Hii hutengenezwa kwa majani yasiyo tumbaku. Kweli haina nikotini. Lakini jani lolote likiungua hutoa lami na kaboni monoksidi. Moshi ni moshi. Haifai kwa mtoto.

Majani ya kujisokotea. Kwetu watoto husokota karatasi ya daftari wakatia majani makavu ya chai, ndevu za mahindi au majani makavu ya mgomba. Tena wengine hudhani chai haina ubaya kwa sababu tunaikunywa. Kunywa na kuchoma ni mambo mawili tofauti. Karatasi yenye wino ikiungua nayo huongeza kemikali, na inawaka kwa ghafla hata kuunguza midomo na nyusi.

Sigara ya kielektroniki. Nyingi zina nikotini, na nyingine huwa na nikotini ingawa kibandiko kinasema haina. Zina ladha tamu za matunda zinazovutia watoto. Haifai kabisa.

Sigara ya unga. Huu ni mrija wa karatasi uliotiwa poda au unga, mwigizaji anapuliza na wingu dogo linatoka. Kwa mbali inaonekana vizuri. Hatari yake ni kwamba mtoto akisahau akavuta badala ya kupuliza, unga unaingia mapafuni. Poda ya mtoto nyingi hutengenezwa kwa talki. Nanyi wa Tabaka mnalijua vumbi la mawe kuliko watu wengine, kwa sababu ya ile sabuni mawe tunayochonga. Mchongaji anajua vumbi lile linavyokaa kifuani. Kwa hiyo usikubali mtoto atiliwe vumbi la sabuni mawe wala poda kwenye mrija. Unga wa ngano au mahindi nao huamsha pumu, na ukipulizwa karibu na mshumaa unaweza kushika moto.

Peremende zenye umbo la sigara. Hizi hazina moshi, lakini zinamfundisha mtoto mdogo kwamba sigara ni tamu. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004, unataka nchi zikataze peremende na vichezeo vya namna hiyo vinavyovutia watoto.

Sigara ya karatasi isiyowashwa. Hii ndiyo ninayoipendekeza. Chukua karatasi safi nyeupe isiyo na maandishi, isokote iwe nyembamba, ibandike kwa gundi ya unga. Upande mmoja paka rangi ya kahawia, upande mwingine paka kijivu na wekundu kidogo kama jivu na kaa. Kila mwigizaji awe na yake, asiazime ya mwenzake, maana mafua na homa hupita kwa mate. Mtu aliyekaa safu ya tatu hataona tofauti.

Kutumia mikono tu. Mwigizaji mzuri anaweza kuvuta sigara isiyokuwepo. Vidole viwili, jicho likafumbwa kidogo, kikohozi kikatoka. Watu wataona moshi bila moshi kuwepo.

Wengine huniambia kwamba kitabu kimeandika sigara, kwa hiyo lazima iwashwe. Mfano ni A Doll's House, mchezo wa Henrik Ibsen wa mwaka 1879, ambao wanafunzi wetu wa sekondari wameusoma kwa mtihani wa KCSE, na vikundi vimekuja shuleni kuuigiza. Humo yumo Daktari Rank, mgonjwa wa kifua kikuu cha uti wa mgongo, anayeomba sigara kubwa na kuwashiwa na Nora. Lakini jambo zito hapo si moshi. Ni kwamba mtu yule anaaga, anakwenda kufa, na mwenye nyumba hajui. Mwanafunzi akielewa hivyo, sigara ya karatasi inatosha. Asipoelewa, hata pakiti nzima haitamsaidia.

Uongee vipi na mwalimu

Mama wengi huogopa. Wanasema, "Mimi ni nani wa kumfundisha mwalimu?" Mwalimu wa drama kwa kawaida si mtu mbaya. Anataka timu yake ishinde, na pengine hajafikiria. Fanya hivi:

1. Kwanza muulize mtoto kwa upole anaigiza nani, na anatumia nini. Usianze kwa kiboko. Yule mama niliyemtaja aliniambia kilichomuumiza zaidi ni kwamba mtoto alisema ukweli akachapwa.

2. Nenda kwa mwalimu mwenyewe kabla ya kwenda kwa mwalimu mkuu. Mwambie unapenda mtoto aendelee na nafasi yake, ila sigara ibadilishwe.

3. Ikiwa mtoto ana pumu, mweleze mwalimu waziwazi, na mtoto abebe inhela yake mfukoni, si kwenye sanduku bwenini.

4. Ukikataliwa, zungumza na mwalimu mkuu au halmashauri ya shule. Unaweza kumwomba mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako, au muuguzi wa zahanati, akusindikize.

Dalili za kukimbilia hospitali

Mpeleke mtoto upesi ukiona anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, midomo au kucha zinageuka samawati, au inhela haimpi nafuu. Usingoje asubuhi.

Na jambo la nyumbani: vipande vya sigara na ugoro visiachwe mahali mtoto mdogo anapofika. Mtoto wa kutambaa akimeza tumbaku anaweza kutapika, kutokwa na mate mengi, kulegea na hata kupata degedege. Usimlazimishe kutapika na usimpe maziwa kama dawa. Mfute mdomo, umpeleke hospitali pamoja na mabaki ya kitu alichomeza.

Maswali ya wasikilizaji

Swali: Binti yangu anaigiza nyanya wa zamani, na amemwomba nyanya yake halisi ugoro. Ugoro hauna moshi. Kuna ubaya?

Jibu: Upo. Ugoro ni tumbaku na una nikotini nyingi. Mpeni kikopo kitupu. Afungue, achote hewa kwa vidole viwili, avute puani, apige chafya. Watu watacheka vile vile. Tena nyanya amfundishe jinsi ya kuchota, kwa maana hapo ndipo utamu wa nafasi hiyo ulipo.

Swali: Mtoto akivuta mara moja tu siku ya mashindano, atadhurika?

Jibu: Kwa mwenye pumu, mara moja inatosha kumletea shambulizi. Kwa asiye na pumu, shida ni kwamba haiwi mara moja. Kuna mazoezi, halafu kuna kaunti ndogo, halafu kaunti. Timu ikishinda, sigara zinaongezeka.

Swali: Mchezo wenyewe unafundisha ubaya wa sigara. Si afadhali watu waone ukweli?

Jibu: Watoto wadogo walioketi mbele hawashiki mafunzo yote ya mwisho. Wanashika kwamba kaka anayependwa na kila mtu alivuta, watu wakapiga makofi. Fundisho likae katika maneno na matokeo, lisikae katika moshi.

Yule mvulana je?

Mama yake alikwenda kwa mwalimu. Mwalimu alisikitika, akasema hakujua mtoto ana pumu, na hata mama alikuwa hajajua mpaka siku ile ya kliniki. Sigara ikaondolewa. Mvulana akabaki na nafasi yake. Wakabadilisha kidogo: mlevi anatafuta kiberiti mifukoni mwote, hakipati, na kila anayemwomba anamfukuza. Nilikwenda kuwatazama. Watu walicheka hadi wakafuta machozi, na sigara ya karatasi haikuwashwa hata mara moja.

Ilichukua wiki kadhaa kwa maumivu ya kichwa kuisha. Pumu bado anayo, na inhela anayo. Mama yake aliniambia kwamba alimwomba mtoto msamaha kwa ile fimbo.

Mambo ya kukumbuka

- Maigizo ni ya uongo, moshi ni wa kweli.
- Sigara ya mitishamba, ya majani ya chai na ya kielektroniki si salama kwa mtoto.
- Karatasi safi isiyowashwa, kikopo kitupu au mikono mitupu vinatosha.
- Sheria inakataza sigara shuleni na katika kumbi za maigizo, na inakataza kumuuzia mtoto.
- Uliza kwanza, sikiliza, ndipo uamue.

Kazi ya wiki hii: mtoto wako akirudi kutoka mazoezini leo, muulize, "Wewe unaigiza nani?" Kisha mwache akuonyeshe hapo sebuleni. Utafurahi, na utajua anapewa nini mkononi.